Kioo si Akiba

Waandishi wenzangu, tuache kudanganyana! Siku hizi ukikaa na chipukizi anayetumia Linux atakwambia: "Mie nina Timeshift, muswada wangu uko salama." Salama wapi, bwana? Timeshift, inayokuja pamoja na Linux Mint, kazi yake ni kurudisha mfumo wa kompyuta ukiharibika. Usipoiamuru, folda yako ya /home haiigusi. Na riwaya yako imo humo humo!

Wajuzi zaidi wanaringia rsync, programu ya tangu 1996. Kwa kunakili ni hodari, sibishi. Lakini ukiiwekea amri ya --delete, diski ya nje inageuka kioo: futa sura ya tano mchana, usiku kioo nacho kinaifuta. Kioo hakikumbuki sura ya jana.

Mwandishi anataka kitu chenye kumbukumbu. Borg na restic huweka hali ya faili kwa tarehe zake, tena huongeza yaliyobadilika tu, hivyo diski haijai upesi. Ukiharibu Jumatatu, unarudi Jumapili.

Mtasema diski ya nje ni ghali. Je, miaka miwili ya kuandika inauzwa duka gani? Inunue, na usiibebe begi moja na kompyuta, mwizi habagui. Halafu kila mwezi jaribu kurudisha sura moja, uone kama inafunguka. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona diski!