Kura ya Mkulima na Kura ya Fedha

Wako ndugu wanaotuuliza kwa nini sisi wa Nyaramba, watu wa chai na migomba, tujishughulishe na sheria ya fedha za kampeni ilhali bonasi imewavunja watu moyo na karo haijalipwa. Wanaona kwamba tumeiacha njaa iliyo nyumbani tukaenda kupigana vita vya Nairobi. Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza si maadui wa mageuzi. Baadhi yao walisimama na vuguvugu hili tangu siku ambazo kulitamka neno “vyama vingi” kulitosha kumpeleka mtu korokoroni. Basi na tulijibu kwa kuanza na kikapu cha majani chai.

Mkulima huamka alfajiri, akachuma, akabeba mgongoni hadi kituoni, akapimiwa. Kutoka hapo majani si yake tena, ijapokuwa makaratasi yanasema kiwanda ni chake. Kiwanda huendeshwa na shirika la usimamizi ambalo lilikuwa mali ya serikali hadi 2000, lilipobinafsishwa na kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Chai iliyokaushwa hupelekwa Mombasa, ikalala ghalani, ikapitia kwa madalali, ikauzwa mnadani. Msafirishaji hulipwa, mwenye ghala hulipwa, dalali hulipwa, benki hulipwa, msimamizi hulipwa. Mwenye shamba hupewa kidogo kila mwezi, na kilichosalia hukingoja mwaka mzima ndipo kiitwe bonasi. Jina lenyewe ni la kuchekesha, kwani bonasi ni zawadi, na hii ni deni.

Katika 2024 na 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, sisi tukiwa miongoni mwao, walilipwa bonasi iliyo ndogo mno ikilinganishwa na ile ya wenzao wa mashariki. Tukaambiwa kwamba tofauti hiyo inatokana na ubora wa chai na bei ya mnadani. Hatukatai kwamba maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Mnunuzi hulipia anachokionja. Lakini mkulima anayeambiwa chai yake ni duni ana haki ya kuuliza ni nani aliyeamua kiwanda kikope kiasi gani, kinunue mashine gani, na kiuze kwa nani. Na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya.

Kwa miaka mingi wakurugenzi wa viwanda hivi walichaguliwa kwa kadiri ya hisa. Mwenye hisa nyingi alikuwa na kura nyingi. Mjane mwenye vishina mia chache alikuwa na sauti ya kunong’ona. Sheria ya Chai, iliyotiwa sahihi Desemba 2020, ilikusudia kuuondoa utaratibu huo na kuweka mkulima mmoja, kura moja. Ilikusudia pia kupunguza ada ya usimamizi isizidi asilimia 1.5 ya mauzo. Ikapokewa vipi? Ikapokewa kwa kesi juu ya kesi. Wale waliozoea kura ya hisa hawakuwa tayari kuipokea kura ya mtu.

Sasa tazameni Kenya nzima. Katiba ya 2010 inampa kila raia kura moja, tajiri na maskini sawa. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mwenye kampuni ya ujenzi apige kura elfu kumi. Hata hivyo, kila baada ya miaka mitano mwenye kampuni hiyo anaweza kumnunulia mgombea magari, fulana na helikopta, akagharimia mikutano yake, na baada ya kiapo akaja kuvuna zabuni. Taifa letu limekuwa kiwanda kikubwa ambamo kura ya hisa inaitawala kura ya mtu, na tofauti ni kwamba kiwandani jambo hili liliandikwa waziwazi.

Hili si jambo geni kwa watu wa Nyamira. Mwaka 1977 George Anyona, Mbunge wa Kitutu Mashariki, alisimama Bungeni akauliza juu ya zabuni ya shirika la reli, akidai kwamba kulikuwa na ufisadi ndani yake. Alikamatwa akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi 1978. Akatiwa nguvuni tena 1982, alipokuwa akishirikiana na Jaramogi Oginga Odinga kutaka kuanzisha chama cha pili, na tena 1990. Vijana wetu husimuliwa kwamba Anyona aliteswa kwa ajili ya vyama vingi, na ni kweli. Lakini wakumbushwe kwamba mateso yake ya kwanza yalitokana na swali kuhusu kampuni na fedha za umma. Mtu wetu alijua, kabla ya wengi, kwamba dola inayonunuliwa haiwezi kuvumilia maswali.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 tulishangilia. Makanisa yalikuwa yamesema pale wanasiasa waliponyamaza: Mchungaji Timothy Njoya, Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, na maaskofu wa Kikatoliki kwa nyaraka zao. Tulidhani mlango umefunguliwa. Hatukuliangalia dirisha. Wakati uleule kampuni moja, Goldenberg, ilikuwa imepewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na almasi, na kulipwa na Hazina nyongeza ya asilimia 35 juu ya mauzo ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwako. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyeitoa siri hiyo alipoteza kazi yake na akafa maskini 2006. Uchaguzi wa Desemba 1992 ulifanyika huku noti zikimwagwa kama mvua ya masika, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Aliyepokea noti mbili kwa ajili ya kura yake alizirudisha zote mbili dukani, na zaidi, aliponunua unga. Huo ndio ushuru wa hongo, na maskini huulipa kwanza.

Waliotunga Katiba ya 2010 hawakuyasahau hayo. Kifungu cha 88 kiliipa tume ya uchaguzi kazi ya kudhibiti kiasi cha fedha kinachotumiwa na mgombea au chama. Mwaka 2013 ikapitishwa Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Ndugu wasomaji, fuateni safari ya sheria hiyo. Kabla ya uchaguzi wa 2017 utekelezaji wake uliahirishwa hadi uchaguzi huo upite. Mwaka 2021 tume ikatangaza viwango, miongoni mwavyo shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, na Bunge la Taifa likazikataa kanuni zake. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo chochote. Wabunge wa pande zote mbili, wasiokubaliana hata juu ya saa ya kunywa chai, walikubaliana katika hili.

Tulipoyaona yaliyotokea 2024 hatukustaajabu. Mswada wa Fedha uliotaka kutoza kodi mpaka mkate ulipita Bungeni Juni 25, vijana wakaandamana, damu ikamwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Mwaka huohuo ulifichuliwa mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Wananchi waliujua kupitia nyaraka zilizovuja. Wawakilishi wao hawakuwa wamewaambia. Mahakama Kuu iliusimamisha Septemba, na ukafutwa Novemba 21, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia mashtaka mwenye kampuni, tena kwa mambo ya nchi nyingine. Twamshukuru Mungu kwa mahakama, lakini ni aibu kwamba tunangoja New York itulindie Embakasi.

Sasa neno kwa makanisa, na twalisema kwa heshima. Mwanasiasa hapeleki bahasha yake sokoni tu. Huileta pia madhabahuni. Makanisa yetu, ya Jumamosi na ya Jumapili, yamejengwa kwa harambee, na hatuwezi kumlaumu mchungaji ambaye paa lake linavuja. Hata hivyo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto zirudishwe. Kabla yake, 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana alikuwa amewakataza wanasiasa kuhutubia ibadani. Ikiwa Nairobi imewezekana, kwa nini Nyamira isiwezekane? Nabii Amosi aliwakemea waliochezea mizani ili wamnunue maskini. Mkulima anayezijua mizani za kituoni hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Wako wanaosema tuanze na Katiba mpya, viti vipya, vyeo vipya. Tumeyasikia hayo katika BBI, iliyokwama Mahakama ya Juu 2022, na tumeyasikia tena katika mazungumzo yaliyofuata uchaguzi wa mwaka huo. Hatuoni ni vipi cheo kipya kitamsaidia mchumaji wa majani ikiwa atakayekikalia atakuwa ameshanunuliwa. Wengine wanasema sheria ya fedha haiwezi kutekelezwa, kwa kuwa hongo hutolewa gizani. Ni kweli haitaimaliza hongo. Lakini helikopta haipai gizani. Kodi yake hujulikana, na mlipaji hujulikana. Tena chama kisicho na fedha kisiambiwe kiishi kwa hewa: Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 imevitengea visivyopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na vitolewe kwa ukamilifu, kisha hesabu zake zibandikwe ukutani zisomwe.

Makamishna wapya wa tume ya uchaguzi waliapishwa Julai 2025. Tunataka waandikiwe barua na kila kikundi cha kanisa, kila ushirika na kila chama cha wanawake kinachosoma gazeti hili, wakitakiwa kuzipeleka upya kanuni za fedha Bungeni mapema, kabla wabunge hawajapata kisingizio cha muda. Atakayekuja kuomba kura hapa aulizwe mambo mawili hadharani: alilipiwa na nani safari hii, na kama yumo Bungeni, alifanya nini ili kanuni hizo zipite. Majibu yaandikwe katika daftari la mkutano pamoja na tarehe, na nakala iwekwe kwa katibu.