BIBI YAKO KAHUKUMIWA KWA LUGHA GANI?

Wewe kijana unayetembeza mitumba Kariakoo na kuitwa Machinga, jina hilo limetoka kusini, mkoani Lindi. Huenda bibi yako yuko Ruangwa au Nachingwea sasa hivi, anapalilia mikorosho. Kiswahili anakisikia. Lakini akiogopa, husema Kimwera. Na kabwela huogopa wapi kuliko kizimbani?

Chukua mfano. Bibi kafikishwa Mahakama ya Wilaya kwa shitaka la kuiba korosho. Anasomewa, anajibu: "Ni kweli, nilivuna." Maana yake ni kwamba alivuna shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Kumbukumbu za mahakama zinaandikwa: mshitakiwa amekiri kosa. Kesi imekwisha kabla haijaanza!

Jueni ubaya wake, vijana. Kanuni ya Adhabu inamlinda mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ni yake. Bibi alikuwa na utetezi, akakosa wa kumfikishia. Aliyekiri kosa, kwa kawaida hakati rufani kupinga kutiwa hatiani. Hulalamikia adhabu tu. Na kusudio la kukata rufani lina siku 10. Nani atamweleza hayo kwa lugha anayoielewa?

Msituambie kuwa sheria hakuna. Ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka ushahidi atafsiriwe mshitakiwa kwa lugha anayoielewa, tena mahakamani mbele ya watu. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inataka kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu. Mwaka 1976 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaompa mshitakiwa mkalimani bila malipo. Mahakama ya Rufani nayo imewahi kubatilisha kesi kwa sababu mshitakiwa alikosa mkalimani.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hilo tunalipongeza bila kinyongo. Kabla ya hapo mtu alihojiwa kwa Kiswahili na hukumu yake ikaandikwa kwa Kiingereza. Lakini wakubwa wasijisahau. Kuiondoa lugha ya mkoloni hakujamfikia mzee wa Kimwera, wala Mmakua aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kibarua.

Sasa tunauliza, na tunataka majibu. Iko wapi orodha ya wakalimani wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua katika wilaya hizi mbili? Nani aliwapima? Wanalipwa kutoka fungu gani? Mkalimani hula kiapo, lakini kiapo hakimfundishi mtu tofauti ya "nilichukua" na "niliiba". Akisimamishwa karani aliye karibu, atajua? Akisimamishwa askari, bibi atamwamini vipi mtu wa upande uliomkamata? Akisimamishwa jirani mwenye ugomvi naye wa mpaka, hiyo ni kesi au ni kisasi?

Madai yetu hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila wilaya iwe na orodha ya wakalimani waliopimwa, ibandikwe ukutani mahakamani. Walipwe na Mahakama, wasilipwe na mshitakiwa. Hakimu amuulize kila mshitakiwa, kabla ya kumsomea shitaka, anataka lugha gani, na jibu liandikwe.

Na wewe kijana, usikae kijiweni ukisubiri vigogo. Ndugu yako akishitakiwa, mwambie aseme mapema na kwa sauti: "Sielewi, naomba mkalimani." Asijibu "ni kweli" kwa jambo asilolielewa. Ukiwa na nauli, nenda ukahudhurie. Mahakama ni ya wazi. Ukisikia tafsiri imepotoka, mwambie ndugu yako au wakili wake amweleze hakimu siku ile ile.

Bibi aliyekulea kwa Kimwera asifungwe kwa sababu hakuna aliyemsikia.