MUNGU HUTUMIA HATA ULIKOTOKA

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, toleo la 2014 humtaka mchezaji achague maisha ya zamani ya mhusika wake: askari, mhudumu wa hekalu, hata mhalifu. Maisha hayo humpa ujuzi wa safari. Hayamzuii kuwa shujaa.

Sasa kanisa, mchezo unampa mhalifu nafasi, na wewe unamnyima dada aliyeokoka kiti kwenye kwaya kwa sababu "tunajua alikotoka"? Musa aliua mtu, akakimbilia Midiani, akachunga kondoo. Jangwani humo ndimo Mungu alimfundisha kuongoza Israeli.

Acheni kuwafunga watu kwa mambo ambayo Mungu ameshafuta! Kama nawe umesamehewa, andika AMINA.