Maji ya Mtowisa na Sinema za Wageni

Kila inapotajwa sinema ya maji yaliyochafuliwa, husifiwa ujasiri wa mwongozaji, ukasahauliwa mdomo unaoyanywa maji hayo. Erin Brockovich ya mwaka 2000 ilimpatia Julia Roberts tuzo ya Oscar. Dark Waters ya mwaka 2019 iliwaonyesha walimwengu sumu ya kiwanda cha DuPont huko West Virginia. Ni filamu nzuri zote mbili, na katika kila moja ipo mahakama inayosikiliza na kampuni inayolipa. Lakini mtu wa Mtowisa, aliyeko bondeni chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ajifunze nini humo? Kwamba haki husemwa kwa Kiingereza?

Watetezi wa sinema hizo watasema kwamba dunia lazima ijue. Naam, ijue, ila Tanzania imekwisha kuonja ujuzi wa namna hiyo. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, ambayo mitaani iliitwa filamu ya mapanki, juu ya sangara wa Ziwa Victoria na watu wa Mwanza. Ilishindania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akailaani hadharani, watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Huku Ulaya wakalia kwa huruma, huku nyumbani wakanuna kwa fedheha. Ubishi wote ukawa juu ya sura ya nchi: nani kaichafua, nani aisafishe. Ziwa lenyewe halikuulizwa lina nini. Wala huyo mla mapanki hakuulizwa kama amepata kuiona filamu iliyompa umaarufu asioutaka.

Sasa litazamwe Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki humo, ila maji yanayopaa kwa jua. Mito ya Ufipa huteremkia huko, na upande wa kusini-mashariki hushuka mto Lupa kutoka Chunya, nchi iliyochimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikifika kwenye tope hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu inayopanda kutoka kiumbe hadi kiumbe, na samaki mla samaki ndiye hubeba zaidi. Na kabla ya zebaki kuna kipindupindu, ambacho hakihitaji mgodi, chahitaji tu kisima kibovu na choo kisichokuwapo; katika miaka ya 2017 na 2018 kililitesa bonde hilo. Hapo hapana kampuni ya kushitakiwa wala nyota wa kuigiza. Ndiyo maana hapana filamu.

Mfano wa kufuatwa upo, nao ni wa Japani. Huko Minamata, ambako ugonjwa wa zebaki ya kiwanda cha Chisso ulitangazwa mwaka 1956, Tsuchimoto Noriaki alianza kwa kurekodi wagonjwa, na filamu yake ya mwaka 1971 ikazunguka dunia. Hakutosheka. Mwaka 1977 alibeba filamu zake akazipeleka kijiji kwa kijiji katika pwani ya bahari ya Shiranui, akawaonyesha wavuvi ambao huenda walikuwa wagonjwa bila ya kujua. Aliyerekodiwa akawa mtazamaji. Hiyo ndiyo tofauti baina ya sinema na uchunguliaji.

Itasemwa: vijijini hakuna majumba ya sinema. Udhuru huu ni mwepesi mno. Waingereza, kwa nia zao za kikoloni, walizungusha gari la sinema Tanganyika kati ya 1935 na 1937, mafundi wao wakiwa Vugiri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na kwa Kiswahili, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Wakatoka hapo wakachimba vyoo. Na tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limewahi kupeleka turubai lake hadi vijiji vya Unguja na Pemba.

Basi mwenye kamera anayeelekea Rukwa na aulizwe mambo matatu kabla ya kupewa kibali: filamu itasema Kiswahili, na Kifipa inapobidi? Itaonyesha maji yanakotoka, au watoto wanaohara tu? Na usiku wa kwanza itaonyeshwa Berlin, au katika uwanja wa shule ya Mtowisa?