Fizi na Baraka: Mafuta ya kukinga jua yawekwe kwenye orodha ya dawa, yasiachiwe jikoni

Familia zinapofika Baraka zikikimbia vita, au maji ya Ziwa Tanganyika yanapozitoa nyumbani, orodha ya misaada inayotajwa inajulikana: turubai, sufuria, ndoo, blanketi, sabuni, chandarua. Ni vitu vya lazima, hakuna anayevipinga. Lakini ndani ya familia hizo wamo watoto na watu wazima wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuwalinda, na jua likiwachoma mwaka baada ya mwaka, madoa hugeuka vidonda na vidonda hugeuka kansa. Mafuta ya kukinga jua ni nadra kuyasikia kwenye orodha hiyo. Mzazi asipoyapata, atajaribu kujitengenezea.

Njia yenyewe ni rahisi kuisimulia. Unachukua mafuta ya mawese au ya mise, unayeyusha na nta kidogo, unaongeza unga mweupe wa zinki kutoka farmasi, unakoroga mpaka yaive kama pomadi. Anayefanya hivyo si mjinga. Oksidi ya zinki kweli ni moja ya madini mawili yanayotumiwa duniani kote kukinga ngozi na jua. Jingine ni oksidi ya titani. Madini hayo hubaki juu ya ngozi, huzuia miale mikali isipenye, na kwa kawaida hayawashi hata ngozi ya mtoto. Kwa hiyo wazo ni zuri. Shida iko kwenye mchanganyiko.

Unga wa zinki haupendi kutawanyika ndani ya mafuta. Chembe zake hushikana na kuwa madonge madogo ambayo jicho haliyaoni. Ukipaka, sehemu moja ya shavu inapata zinki nyingi na sehemu ya pembeni haipati kitu. Jua linapita pale penye tundu, kama mvua inavyopita kwenye turubai lililotoboka. Isitoshe, zinki ni nzito. Mkebe ukikaa wiki moja ndani ya hema lenye joto, mafuta yanalainika na unga unashuka chini. Anayechota juu anapaka mafuta matupu, na anayemalizia mkebe anapaka chokaa.

Wengine huongeza maji au maji ya mmea ili mafuta yawe mepesi. Hapo shida inakuwa mbili. Maji na mafuta hayakai pamoja bila kiungo cha kuyashikisha, na penye maji bila dawa ya kuhifadhi, wadudu wa ugonjwa na ukungu huota kwa siku chache. Kuwapaka uchafu huo watu wenye ngozi iliyopasuka ni kuwaongezea jeraha. Kuna pia wanaotia ndimu, wakiamini inasafisha ngozi. Ukali wa ndimu hula zinki na kuiharibu. Zaidi ya hapo, maji ya ndimu kwenye ngozi iliyo juani yanaweza kuiunguza mpaka itoe malengelenge.

Kiwanda chenye kujiheshimu hakiuzi mafuta haya kwa kutazama weupe wake. Kwanza kinasaga na kutawanya unga kwa mashine. Kisha kinaweka sampuli kwenye joto la digrii 40 kwa miezi kadhaa kuona kama yatajitenga. Kinapima wadudu, halafu kinapima nguvu ya kukinga. Namba 30 unayoiona kwenye chupa inatokana na kipimo hicho, yaani kati ya sehemu 30 za miale inayochoma, inapita kama moja tu, ikiwa umepaka kiasi cha kutosha. Hakuna jiko la Baraka, Mboko wala Fizi-centre linaloweza kutoa namba hiyo. Hata pomadi ya zinki ya watoto wachanga inayouzwa farmasi imetengenezwa kwa ajili ya ngozi iliyochubuka kwa nepi. Usiichukue kuwa mafuta ya jua.

Je, maana yake ni kwamba Waafrika hatuwezi kuyatengeneza? Hapana. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ileile ambako ndugu zetu wengi wa Fizi wanaishi kambini Nyarugusu tangu 1996, yanatengenezwa. Mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, kulianzishwa karakana ya mafuta yanayoitwa Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, aliiongoza kazi hiyo, na kampuni ya BASF ya Ujerumani ikasaidia kwa malighafi na ujuzi. Mafuta hayagawiwi peke yake. Yanakwenda pamoja na uchunguzi wa ngozi na mafundisho ya namna ya kupaka. Nchini Kenya nako, serikali yenyewe imekuwa ikitoa mafuta ya kukinga jua bure kwa watu wenye ualbino kupitia baraza la taifa la watu wenye ulemavu. Kwa majirani zetu hao, mafuta haya yamepewa nafasi ya dawa. Hayahesabiwi kama urembo.

Wako watakaosema: watu wanakufa kwa risasi na kipindupindu, nanyi mnazungumzia mafuta ya kupaka? Jibu ni hili. Mtoto mwenye ualbino aliyenusurika risasi, akishinda juani kwenye foleni ya maji, kwenye shamba la mihogo au pwani kunakoanikwa ndagala, ameanza safari ya ugonjwa ambao matibabu yake hayako Fizi. Kumpeleka mgonjwa wa kansa Bukavu kwa barabara hizi na usalama huu, familia ya wakimbizi wa ndani italipa kwa nini? Kukinga ni rahisi kuliko kukata.

Kwa hiyo tunasema wazi. Waganga wakuu wa zone za afya za Fizi waagize watu wenye ualbino wahesabiwe kwenye kila eneo la wahamiwa na kwenye familia zilizowapokea. Mashirika ya misaada yaweke mafuta yaliyopimwa kwenye orodha yao ya dawa, yakae kivulini ghalani, na tarehe zake ziangaliwe kabla ya kugawa. Serikali ya Kivu ya Kusini itume wafamasia wetu wakajifunze Moshi, maana kuomba chupa kila mwaka hakutamaliza shida. Na wauzaji wa pomadi za kuchanganya wauze mafuta ya kulainisha ngozi kama wanavyopenda, ila wasiseme yanazuia jua.

Wakati tunasubiri, kuna kinga isiyojitenga wala kuoza: kofia yenye ukingo mpana, nguo ya mikono mirefu iliyofumwa vizuri, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Walimu, wakalisheni watoto hao mbali na dirisha lenye jua, na wasimame kivulini wakati wa paredi. Viongozi wa foleni za maji, wapeni nafasi ya asubuhi mapema. Milimani kuelekea Minembwe msidanganywe na baridi, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi ukali, hata siku ya mawingu. Na anayepata mafuta ya kweli, ayapake kwa wingi kabla ya kutoka, arudie kila baada ya saa mbili, asisahau masikio, shingo na midomo.

Kidonda kidogo usoni kisichopona kwa mwezi mmoja hakingojei mgao unaofuata. Kipelekeni kituo cha afya leo.