Mafindofindo Yasiharibu Moyo wa Mtoto

Miezi ya Juni na Julai baridi yetu ya Kihesa huwa kali, na watoto hulalamika koo. Koo linaloambatana na mafua na kikohozi mara nyingi huletwa na virusi, nalo hupona lenyewe. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 akishikwa homa ghafla, akashindwa kumeza, tezi za shingo zikavimba na kuuma, wala hakohoi, huenda ni bakteria waitwao streptokoka. Mpeleke kituo cha afya mapema.

Akiandikiwa vidonge vya penisilini vya siku 10, avimalize vyote. Siku ya tatu atakuwa anacheza, nawe utatamani kumwekea mdogo wake vilivyobaki. Usifanye hivyo. Vidonge vikimshinda, mwombe mganga sindano, moja hutosha.

Kwa nini nasisitiza? Wiki 2 au 3 baada ya koo, kinga ya mwili iliyopigana na bakteria hao inaweza kugeukia viungo na moyo. Magoti na vifundo vya miguu huuma kwa kupokezana. Baadaye vali za moyo huharibika, na mtoto huhema akipanda mlima. Wengine huishia kuhitaji upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Na kukata kimeo je? Hakuondoi bakteria, bali kwaweza kuleta pepopunda na kutoka damu nyingi.

Mama, hesabu vidonge kila jioni mpaka viishe.