Marekani yaongoza kwa gharama za tiba, si kwa umri wa kuishi

HAKUNA taifa linalotumia fedha nyingi kwa matibabu kama Marekani. Mwaka 2023 lilitumia takriban dola trilioni 4.9, wastani wa zaidi ya dola 14,500 kwa kila mkazi, sawa na asilimia 17.6 ya pato lake. Mwaka huohuo Mmarekani alitarajiwa kuishi miaka 78.4. Katika Japani, inayotumia karibu asilimia 11 ya pato lake, wanaume walitarajiwa kuishi miaka 81 na wanawake 87.

Kwa haraka mtu angedhani Wamarekani wanakimbilia hospitali kupita kiasi. Sivyo. Mjapani humwendea daktari mara nyingi zaidi. Mwaka 2003 wachumi wa afya Gerard Anderson na Uwe Reinhardt, pamoja na wenzao, walionyesha kuwa kinachoitofautisha Marekani ni bei: huduma ile ile hulipiwa ghali zaidi.

La kushangaza, mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoongeza dawa katika Medicare, bima ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1965, lakini likaikataza serikali kujadiliana bei na watengenezaji. Mnunuzi mkubwa kuliko wote akafungwa mdomo.

Hata hivyo, si haki kuzitupia hospitali lawama zote. Wagonjwa wa saratani ya matiti nchini humo hupona kwa kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Wastani wa umri hushushwa pia na vifo vya watu wangali na nguvu zao. Kuanzia 2021 hadi 2023, kuzidisha kipimo cha dawa za kulevya kuliua zaidi ya watu 100,000 kila mwaka, mbali na wanaouawa kwa bunduki na ajali za barabarani. Isitoshe, mwaka 2023 watu milioni 26 hivi hawakuwa na bima yoyote.

Japani ilifikisha bima kwa wananchi wote mwaka 1961. Serikali hupanga bei ya kila huduma kwa nchi nzima na kuipitia upya kila baada ya miaka miwili. Si kazi nyepesi. Watanzania wanakumbuka Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa kutoridhika na bei za kitita kipya, na wagonjwa wakabaki wakihangaika.

Marekani nayo imeanza kusogea, kwa mwendo wa kobe. Sheria ya mwaka 2022 iliiruhusu Medicare kujadiliana bei, na bei mpya za dawa 10 za kwanza zikapangwa kuanza Januari 2026. Bei za hospitali, zinazomeza fungu kubwa kuliko yote katika matumizi hayo, sheria hiyo haikuzigusa.